Nani Amemruhusu Daktari Kushika Ekografi?

Mimi ni mtumishi wa serikali, na kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu imekuwa vyeti. Nilisomea ualimu, nikapata cheti changu, nikafundisha kwa muda mfupi, kisha nikahamishiwa ofisini, ambako kila siku majalada ya walimu hupita mezani pangu: huyu anaomba kuajiriwa, yule anaomba kupandishwa cheo, mwingine anaomba uhamisho amfuate mumewe. Katika kila jalada hapana budi pawe na cheti, na juu ya cheti muhuri. Mazoea hayo yameniingia hata mke wangu hunicheka, husema kwamba tukienda hospitali mimi husoma kwanza karatasi zilizotundikwa ukutani ndipo nimwamkie daktari.

Kwa hiyo ndugu wasomaji wasishangae nikileta katika ukurasa huu wa nyumbani habari ya vyeti vya madaktari, tena vya kazi moja tu, nayo ni kumpima mgonjwa wa dharura kwa mashine ya ultrasaundi. Sisi wa Rwanda, kwa vile tulirithi maneno mengi ya Kifaransa, twaiita ekografi, na jina hilo ndilo nitakalolitumia, maana ndilo litajwalo hapa Busanza kwenye duka la dawa na kwenye benchi la kituo cha afya.

Akina mama wengi wanaifahamu mashine hii kwa sababu ya mimba. Mama hulala chali, hupakwa jeli ya baridi tumboni, mpimaji hupitisha kichwa cha mashine juu ya ngozi, na kwenye kioo mtoto huonekana akichezacheza. Linalofanyika ni kwamba mashine hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Mawimbi hayo hupenya mwilini, yakikuta ini au mfupa au maji hurudi kama mwangwi urudivyo kutoka mlimani, na mashine hugeuza mwangwi huo kuwa picha. Hayana mionzi kama ya eksirei. Daktari wa uzazi wa Glasgow, Ian Donald, pamoja na wenzake, walitoa taarifa yao mashuhuri juu ya kuyatumia kuchunguza uvimbe wa tumboni katika jarida la The Lancet mwaka 1958, na tangu hapo, kwa miaka mingi, mashine ilikaa katika chumba chake maalumu, na waliojua kuitumia wakahesabiwa kuwa watu wa chumba hicho.

Lakini picha hii haijisomi yenyewe. Eksirei hupigwa na mtu mmoja ikasomwa baadaye na mwingine aliye mbali. Katika ekografi anayeshika kichwa cha mashine ndiye atengenezaye picha kwa mkono wake, na akiuinamisha mkono vibaya kidogo, kitu kilichopo hakionekani. Mfupa hung'aa na kutupa kivuli nyuma yake. Hewa ya matumbo huziba kila kitu. Maji huonekana meusi, na damu iliyotoka kuvuja tumboni huonekana nyeusi vilevile, kama utepe mwembamba, aghalabu kati ya ini na figo ya kulia. Mtu asiyefundishwa hupita juu ya utepe huo asiuone; tena ni mwepesi wa kuona utepe mahali usipo, akampeleka mgonjwa kwenye kisu bure.

Nimeyataja haya kwa sababu nilimpoteza mjomba wangu. Alianguka na pikipiki siku ya Jumamosi, mbali na Kigali, akapelekwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Tumbo lilikuwa linamuuma upande wa kushoto na alikuwa anazidi kupauka. Mashine ya ekografi ilikuwapo hospitalini hapo. Ilikuwa imefungiwa chumbani, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kwao mpaka Jumatatu. Daktari wa zamu, kijana mpole, alimwambia shangazi yangu waziwazi: "Mama, hata ningekuwa na ufunguo, mimi sikufundishwa kuitumia, na hakuna aliyeniruhusu." Mjomba akawekwa kwenye gari la wagonjwa, akafika Kigali usiku, akapasuliwa, wengu ukakutwa umepasuka, na siku ya pili akafariki dunia. Sisemi kwamba mashine ingemwokoa. Hospitali ile huenda isingekuwa na mpasuaji siku ile, na damu huenda ilikuwa imekwisha kumwagika nyingi. Ila jibu la kijana yule lilinikaa moyoni, kwa sababu lilikuwa la haki. Alikuwa na shahada, alikuwa na leseni, na bado aliona kwamba hana ruhusa.

Na hapo ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo. Karatasi za daktari ni za namna tatu. Ya kwanza ni shahada ya chuo kikuu, isemayo kwamba amesoma. Ya pili ni leseni ya baraza la taaluma. Kwetu ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Rwanda, ambalo pia humtaka daktari aendelee kujifunza ndipo leseni yake ihuishwe. Ya tatu ni idhini ya hospitali yenyewe, isemayo kwamba hapa kwetu, fulani anaruhusiwa kufanya jambo hili na hili. Hiyo ya tatu sijapata kuiona ikitundikwa ukutani, nami ni mtu wa kutazama kuta. Walakini ndiyo inayomgusa mgonjwa kuliko zote mbili, kwa sababu shahada haikuambii kama mkono huu umepata kuuona ule utepe mweusi.

Jambo lenyewe lilizusha ugomvi mkubwa huko Marekani. Madaktari wa idara za dharura walianza kuleta mashine kando ya kitanda. Mabingwa wa picha wakapinga, wakisema kazi hiyo ni yao. Wa dharura wakajibu kwamba saa nane za usiku bingwa wa picha yuko kitandani kwake na mgonjwa anakufa. Mwaka 1999 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliamua kwamba ekografi si mali ya taaluma moja. Kila daktari aliyefundishwa ipasavyo aweza kuitumia ndani ya mipaka ya kazi yake, na kila hospitali iweke masharti yake ya kutoa idhini kwa kufuata viwango vya taaluma husika. Mwaka 2001 Chuo cha Madaktari wa Dharura cha Marekani kilitoa mwongozo wenye hesabu: vipimo 25 hadi 50 vilivyokaguliwa kwa kila aina ya uchunguzi, na kwa jumla 150 au zaidi. Kwa waliokwisha kuhitimu zamani, kozi ya siku mbili hivi huwa ni mlango wa kuingilia tu, maana baada yake huja hesabu ile ile ya vipimo chini ya macho ya mkaguzi.

Angalia neno "kila aina". Mtu aliyehitimu kutafuta damu tumboni hajahitimu kwa sababu hiyo kutazama moyo, wala pafu, wala mshipa wa mguu ulioganda damu. Tena daktari wa dharura haombwi aandike maelezo marefu ya ini na figo kama afanyavyo bingwa wa picha. Yeye huuliza maswali mafupi yanayojibika kwa ndiyo au hapana: Je, kuna damu tumboni? Je, kuna maji yanayoubana moyo? Je, mimba imo ndani ya mfuko wa uzazi? Ufupi huo wa swali ndio unaomwezesha kujifunza kwa miezi badala ya miaka.

Mwezi wa Novemba mwaka 2023, katika mvua, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tuliyekuwa tunakaa naye, aliamka usiku akilia tumbo, kisha akaanguka mlangoni mwa choo. Tulipiga 912, namba ya gari la wagonjwa, tukafika naye hospitali akiwa baridi kama maji ya kisima. Alipokelewa na daktari wa kike, kijana, aliyekuwa bado mafunzoni kuwa bingwa wa dharura. Alimtoboa mshipa na kumtundikia maji, akaagiza mkojo upimwe, kisha akavuta mashine yenye magurudumu mpaka kitandani. Muda mfupi kama wa kuchemsha chai akawa amesimama akitazama kioo bila kusema. Ndipo akapiga simu.

Akaja daktari mwenye umri, akaweka mikono yake nyuma mgongoni. Hakuuliza "umeona nini?" Alisema tu, "Anza upya." Yule binti akaanza upya, upande wa kulia, kushoto, chini ya kitovu, naye mzee akitazama kioo, uso umekauka. Alipomaliza akaulizwa mgonjwa ana nini. Akajibu kwamba mkojo unaonyesha mimba, lakini ndani ya mfuko wa uzazi haioni, na kuna damu kati ya ini na figo. Mzee akachukua kichwa cha mashine, akatazama kwa mkono wake mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali, na papo hapo akaita watu wa chumba cha upasuaji. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, na mrija umepasuka. Shemeji yu hai. Sasa anafanya kazi ya kushona Kicukiro.

Wakati tukingoja nje, yule daktari kijana alikaa kwenye benchi akatoa kijitabu mfukoni, akaandika mstari mmoja, na yule mzee alipopita akatia sahihi. Mimi, kwa tabia yangu ya vyeti, nikamwuliza ni nini. "Hesabu yangu ya vipimo," akasema, "hiki cha leo cha tumbo ni cha 19." Mke wangu akasikia. Njiani kurudi Busanza akaniambia kwa uchungu: "Baba watoto, kumbe mdogo wangu alikuwa namba 19? Kumbe walikuwa wanajifunzia kwake?"

Sikumjibu mara moja, maana neno lake lina uzito. Hakuna aliyetuuliza kama tunaridhika. Lakini nilikumbuka mazoezi yangu ya kufundisha, nilipopelekwa darasa la tatu, watoto hamsini na kitu, na mkufunzi wangu ameketi benchi la nyuma na fomu yake gotini. Watoto wale nilijifunzia kwao, na wazazi wao hawakuulizwa. Kilichowakinga ni yule mtu wa benchi la nyuma, ambaye nilipoikosea hesabu ya kugawanya alisimama, akachukua chaki, akasahihisha mbele yao bila kunivunjia heshima. Laiti asingekuwapo, cheti changu kingekuwa kile kile na watoto wangebaki na kosa. Nilimweleza mke wangu hayo. Akasema walimu hawapasui watu matumbo, akanyamaza. Nakubali kwamba hilo nalo ni kweli.

Ila tujiulize, mkono uliozoea ulizoea kwa nani? Yule mzee aliyeweka mikono nyuma naye alikuwa na namba 1 yake mahali fulani. Tofauti ni kama siku hiyo kulikuwa na mtu karibu yake. Na katika nchi zetu, kwa muda mrefu, mtu huyo hakuwapo. Tanzania ilipofungua idara kamili ya dharura katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi wa Januari mwaka 2010, ilianzisha mwaka huo huo mafunzo ya mabingwa wa dharura, na wa kwanza wakahitimu mwaka 2013. Hapa Rwanda, mpango wa serikali wa kukuza rasilimali watu wa afya ulianza mwaka 2012 pamoja na vyuo vikuu vya Marekani. Mafunzo ya ubingwa wa dharura yakafunguliwa mwaka 2013 katika Chuo Kikuu cha Rwanda na Hospitali Kuu ya Kufundishia ya Kigali, CHUK. Na mabingwa wa kwanza wakatoka mwaka 2018. Kwa nchi iliyohesabiwa watu milioni 13.2 mwaka 2022, mabingwa hao ni kiganja cha mchele kwenye sufuria ya harusi.

Hata hivyo uzoefu haukuanza nao. Mwaka 2008, katika hospitali za Rwinkwavu na Kirehe, mashariki ya nchi, madaktari wa kawaida wa hapo hapo, wasio mabingwa wa picha, walifundishwa ekografi kwa msaada wa shirika la Partners In Health. Vipimo 345 vya wiki 11 vilichunguzwa, na ikaonekana kwamba kwa wagonjwa 43 katika kila 100 mpango wa tiba ulibadilishwa na kile kilichoonekana kwenye kioo. Wengi walikuwa akina mama wajawazito. Lililo jema zaidi machoni pangu ni kwamba picha zilihifadhiwa zikapitiwa na wajuzi wa nje, ili ijulikane kama mkono wa Rwinkwavu unasema kweli. Nako Uganda, katika hospitali ya Nyakibale huko Rukungiri, wahudumu wa dharura ambao si madaktari walifundishwa kupima, na picha zao zikawa zinatumwa kwa njia ya mtandao kwa wakaguzi walio ng'ambo, nao hurudisha majibu: hapa umekosea pembe, hapa umeona sawasawa. Yaani benchi la nyuma limewekwa ng'ambo ya bahari, lakini lipo.

Rai yangu, basi, ambayo naitoa kama mtu wa majalada wala si tabibu, ni kwamba hesabu peke yake haitoshi. Ofisini nimeona walimu wenye vyeti safi ambao darasani hupwaya, na wenzao wenye alama za wastani ambao watoto huwafuata kama kuku wafuatavyo mtama. Vipimo 25 vyaweza kuwa vya wagonjwa 25 wasio na kitu, na aliyeona matumbo 25 makavu bado hajaiona damu. Kwa hiyo karatasi ile ya tatu, idhini ya hospitali, iandikwe kwa maneno yaliyo wazi: nani, kwa swali lipi, amekaguliwa na nani, na mpaka lini. Picha zake zihifadhiwe, na chache zitazamwe upya kila mwezi na mtu mwingine. Aliyekaa mwaka mzima bila kushika mashine akaguliwe tena kabla ya kuachiwa usiku peke yake.

Kwa upande wa pili, nawaogopa pia wanaotaka masharti yawe marefu kama njia ya kwenda Cyangugu kwa miguu. Sharti likiwa kali mno matokeo yake tunayajua: chumba kilichofungwa na ufunguo ulio mbali. Kijana aliyezuiwa kupima kwa sababu bado ana vipimo 19 ataacha kutazama kabisa, na mgonjwa atapelekwa kwa kubahatisha. Yule binti wa Novemba hakuzuiwa kuitumia mashine, ila kabla ya kutenda alimpigia simu mkubwa wake.

Siku hizi kuna vidude vidogo vya ekografi vinavyochomekwa kwenye simu ya mkononi, na bei yake imeshuka kiasi cha kununuliwa na zahanati ya mtaani. Ni neema kubwa kwa kituo cha afya kilicho mlimani. Lakini kidude hakiji na mkono ndani ya boksi lake, na tangazo la "ekografi hapa" lililoandikwa kwa rangi nyekundu barabarani haliniambii ni nani atakayekishika.

Akina mama, na akina baba wanaowasindikiza, wanaweza kufanya jambo hapa bila kumkosea adabu mtu yeyote. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa akishikwa na maumivu makali ya chini ya tumbo, kizunguzungu au kuzirai, asingoje asubuhi, hata kama hana habari ya mimba. Mgonjwa akiisha kupimwa, mwulizeni mpimaji kwa upole: "Daktari, ulikuwa unatafuta nini, na ni kipi ambacho hukuweza kukiona?" Swali la pili ndilo lenye faida. Mpimaji mzuri hulijibu bila kuudhika, kwa sababu anajua kwamba damu kidogo yaweza kujificha na kwamba kutoiona si uthibitisho kuwa haipo. Atasema atapima tena baada ya muda, au atampeleka mgonjwa kwenye kipimo kikubwa zaidi. Kisha ombeni majibu yaandikwe pamoja na jina la aliyepima. Shemeji karatasi yake anayo mpaka leo, ina sahihi mbili.

Kinachobaki kunisumbua ni hospitali za wilaya, ambako daktari kijana ni mmoja usiku kucha na hakuna mzee wa kumpigia simu aje na mikono nyuma. Nafikiri dawa yake tunayo tayari katika elimu. Mkaguzi wa shule hakai katika kila shule; ana ratiba, ana gari la wilaya, hufika, huketi nyuma ya darasa, huandika, huondoka, na mwalimu hajui atarudi lini. Mabingwa wa dharura wakigawiwa wilaya kwa zamu, siku moja kwa mwezi, wakapitia picha zilizohifadhiwa, wakamtazama kijana akimpima mgonjwa mmoja au wawili, wakatia sahihi kijitabu chake au wakakataa kutia, gharama yake ni mafuta ya gari na chakula cha mchana. Usiku, simu ya kutuma picha kwa mzee aliye CHUK inatosha kwa yale yenye mashaka. Na ufunguo wa chumba ukae kwa muuguzi wa zamu.